Chapo madondo ya 2050 bob: tuache kuwaambia watu "weka mabano tu"

Kuna jibu moja nimechoka kuliona likipewa watu wanaoanza Java. Mtu anauliza kwa heshima zake zote, "Wadau, mbona programu yangu inajumlisha vibaya?" Halafu anatokea msee wa mwaka wa tatu chuoni, anajibu kwa maneno mawili: weka mabano. Wengine wanaongezea vicheko, ati huyu hata hesabu ya darasa la kwanza imemshinda. Yule mtu anaweka mabano, programu inakubali, anasema asante, anaenda zake. Na hajajifunza kitu.

Msimamo wangu ni kwamba hilo jibu ni la uvivu. Linafanya kazi mara ya kwanza, halafu mara ya pili linakuacha kwa mataa, na huo ndio wakati pesa za watu zimeshaingia ndani ya hiyo programu. Wacha nieleze.

Tuseme umeamua kumwandikia mama wa kibanda kaprogramu kadogo ka kupiga hesabu. Chapo ni mbao, madondo ni finje. Unaandika:

int chapo = 20;
int madondo = 50;
System.out.println("Jumla: " + chapo + madondo);

Unaendesha programu yako ukitarajia 70. Java inakujibu:

Jumla: 2050

Chapo moja na madondo, elfu mbili na hamsini. Na kitu kinachouma zaidi si hiyo bei. Kinachouma ni kwamba hakuna laini nyekundu popote. Kompaila haijalalamika, programu haijaanguka, kompyuta haijapiga kelele. Java imekupa hilo jibu ikiwa imetulia kabisa, kama kondakta anayekuambia nauli imepanda leo.

Sasa, hapa hakuna kosa la hesabu. Java haijawahi kujumlisha 20 na 50 ikapata 2050. Hizo namba mbili hazikukutana hata mara moja. Alama ya + ndani ya Java ina kazi mbili tofauti. Ikikuta namba upande huu na namba upande ule, inajumlisha. Lakini ikikuta upande mmoja, hata mmoja tu, kuna maandishi (stringi, yale mambo unayoweka ndani ya alama za kunukuu), inageuza ule upande mwingine uwe maandishi pia, halafu inavishonea pamoja. Na inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, ikichukua vitu viwili viwili.

Kwa hivyo ifuate polepole. Kwanza inaona "Jumla: " na 20. Kushoto ni maandishi, basi inashona: "Jumla: 20". Hayo yote sasa ni maandishi, ile 20 imeshakuwa wino tu, haina thamani tena. Halafu inaona hayo maandishi na 50. Kushoto tena ni maandishi, inashona tena: "Jumla: 2050". Imemaliza. Kwake hakuna kitu kimeharibika.

Geuza mpangilio uone:

System.out.println(chapo + madondo + " bob");

Hii inatoa 70 bob. Namba ni zile zile, alama ni ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii, kutoka kushoto, 20 na 50 zilikutana zikiwa bado namba, zikajumlishwa, ndipo maandishi yakafika.

Kwa wale wanaosema huu ni wazimu wa Java peke yake, hebu angalieni neno letu "na". Brayo ameenda na Shiro: wako pamoja. Brayo ameachwa na Shiro: hapo pamoja hakuna tena, Shiro ndiye amefanya kitendo na Brayo yuko kwa status akiandika mambo ya usaliti. Herufi mbili tu, kazi mbili ambazo hazifanani. Lakini hakuna mtoto wa Kayole wala wa Kisauni anayechanganyikiwa, kwa sababu sikio linasikiliza kitenzi kilichokaa kando ya "na" kabla ya kuamua. Na + ya Java iko vivyo hivyo. Usiitazame yenyewe, tazama majirani wake.

Shida ni kwamba sisi tumekuja kwa Java na miaka kumi na zaidi ya + ya daftari la hesabu. Ile ya daftari ina kazi moja. Mwalimu anakuja darasani siku ya kwanza, anaandika println na maneno ya kusalimia dunia, siku ya pili anaweka + katikati ya jina lako na umri wako, inafanya kazi vizuri, anaendelea na mambo ya if na for. Ile siku ya kueleza kwamba kila kitu ndani ya Java kina aina yake, na kwamba aina ndiyo inaamua alama itafanya nini, inarukwa. Halafu mwanafunzi akipata 2050 anaonekana mjinga. Manze, nani hapa hakufanya kazi yake?

Na Java yenyewe inaongeza utata. Jaribu chapo tatu:

System.out.println("Jumla: " + 20 * 3);

Inatoa 60, sawasawa, kwa sababu kuzidisha kunafanywa kabla ya +. Kwa hivyo mtu anajaribu kuzidisha, anaona iko poa, anaamini ameelewa. Kisha anajaribu kutoa:

System.out.println("Chenji: " + 100 - 70);

Hii hata haiendeshwi. Kompaila inakataa, kwa sababu baada ya kushona "Chenji: 100" haijui mtu anatoaje 70 kutoka kwa maandishi. Unaona hiyo? Kuzidisha kumekubali, kutoa kumekataa kwa sauti, lakini kujumlisha kumedanganya kimyakimya. Kati ya hizo tatu, mimi naogopa hiyo ya mwisho tu.

Acha nikuonyeshe kwa nini kimya ni mbaya. 2050 ya chapo madondo kila mtu ataicheka, mama wa kibanda mwenyewe atakurudishia simu yako. Sasa chukua duka la mtaani lenye daftari la madeni. Mteja ana deni la 120, na faini ya kuchelewa ni 0 kwa sababu hajachelewa. Programu inasema:

System.out.println("Deni lako: " + deni + faini);

Deni lako: 1200

Hiyo haichekeshi. Elfu moja na mia mbili ni deni la kawaida kabisa mwisho wa mwezi, unga, mafuta, sukari na maziwa. Hakuna mtu atashtuka akiiona kwa skrini. Mteja atasema ni soo na mbao, mwenye duka atasema kompyuta imesema 1200, na sisi wote tunajua nani huaminiwa kati ya mtu na kompyuta. Faini ya sufuri imefanya deni liwe mara kumi. Na wengi wenu mnaosoma hapa ndio mnaombwa na shangazi, "Si wewe unasoma kompyuta, niandikie kitu cha kuweka hesabu za chama."

Sasa turudi kwa yale mabano.

System.out.println("Deni lako: " + (deni + faini));

Hapa, kweli, inatoa 120. Mabano yanailazimisha Java ishughulikie kilicho ndani kwanza, namba zikutane zikiwa namba. Yule msee wa mwaka wa tatu hajadanganya. Lakini programu ya ukweli haiandikiwi bei ndani yake. Mtu anaziandika kwa kibodi. Na wanaoanza wengi huzisoma hivi:

Scanner s = new Scanner(System.in);
String chapo = s.nextLine();
String madondo = s.nextLine();
System.out.println("Jumla: " + (chapo + madondo));

Mtumiaji anaandika 20, anabonyeza enta, anaandika 50, anabonyeza enta. Jumla: 2050. Mabano yako pale pale, yameketi vizuri, na hayajasaidia chochote, kwa sababu ndani yake hakuna namba hata moja. nextLine inakupa maandishi, na maandishi yakikutana na maandishi yanashonwa. Kwa macho yako 20 ni namba. Kwa Java hiyo ni tarakimu ya 2 ikifuatwa na tarakimu ya 0, sawa tu na herufi za jina lako.

Mtu aliyefundishwa "weka mabano" akifika hapa anaweka mabano mengine. Halafu mengine. Nimeona msimbo wenye mabano kama nyumba ya kupanga iliyo na mageti manne na hakuna mlango. Aliyefundishwa aina atajiuliza swali moja, hiki kitu ni nini kwa sasa, na atakigeuza:

int bei = Integer.parseInt(chapo);

Hapo maandishi "20" yanakuwa namba 20. Na ikiwa mtumiaji ameandika "20 bob", au ameacha nafasi tupu mwishoni, parseInt inakataa na programu inaanguka na NumberFormatException. Wanaoanza wanachukia sana hilo neno refu jekundu. Mimi nalipenda. Programu inayoanguka imekuambia ukweli, una nafasi ya kurekebisha kabla mtu hajatozwa.

Ndiyo maana ningependa kila anayeanza aache kujumlisha ndani ya println. Si kwa sababu ya urembo. Fanya hivi:

int jumla = chapo + madondo;
System.out.println("Jumla: " + jumla + " bob");

Kama chapo na madondo ni namba, unapata 70. Kama ulizisoma kwa nextLine na ukasahau kuzigeuza, kompaila inakukatalia hapo hapo kwenye ile laini ya kwanza, inakuambia String haiwezi kuwekwa kwenye int. Mabano yangepitisha hilo kosa likaenda mpaka kwa mteja. Hii laini moja ya ziada inalikamata ukiwa bado umeketi kwa kompyuta yako. Ukisema int, umeiambia Java kile unachotarajia, na sasa ina sababu ya kubishana na wewe.

Kuna upande wa pili wa hii habari ambao watu huusahau: si kila kitu kilichoandikwa kwa tarakimu ni namba. Wasee wa Nairobi mnajua hii bila kufundishwa. 46 inaenda Kawangware, 111 inaenda Ngong. Hakuna siku umesimama stejini ukajumlisha ukatafuta gari la 157. Hizo ni majina yaliyovaa nguo za namba. Namba ya simu ni hivyo hivyo, namba ya kitambulisho, PIN.

Sasa anayeanza anaona "namba ya simu", anafikiria int. Jaribu hii uone maajabu:

int simu = 0700000000;
System.out.println(simu);

Inatoa 117440512. Sikutanii. Ukianza namba kwa sufuri ndani ya msimbo wa Java, yeye anaelewa kwamba unahesabu kwa msingi wa nane, si wa kumi. Weka 8 au 9 mahali popote kwenye hiyo namba na itakataa kabisa, kwa sababu msingi wa nane hauna hizo tarakimu. Ukiianza kwa 254 badala ya sufuri, haitoshei kwenye int, ambayo mwisho wake ni 2147483647. Na PIN ya 0412 ukiipitisha kwa parseInt inarudi 412, sufuri imeenda na maji, mtumiaji anaambiwa PIN yake si sahihi. Swali langu huwa rahisi: kuna siku nitajumlisha hiki kitu? Kama hakuna, kiache kiwe maandishi.

(Na kwa wale wa alama moja ya kunukuu badala ya mbili: 'A' + 'B' ndani ya Java ni 131. Herufi moja moja zina namba zake ndani, A ni 65 na B ni 66, kwa hivyo hapo inajumlisha kweli. "A" + "B" ndiyo inatoa AB. Usilie, kunywa maji.)

Najua wale wa "hamia Python" mmeshaanza kupasha misuli. Ni kweli, Python ukichanganya maandishi "20" na namba 50 inakataa waziwazi, na hapo naipa heshima zake. Lakini input ya Python pia inakupa maandishi. Soma bei mbili kwa input, weka + katikati, utapata 2050 ile ile, na kimya kile kile. JavaScript ndiyo usiniambie kabisa: "50" - "20" inakupa 30, lakini "50" + "20" inakupa 5020. PHP ilitenganisha, nukta ya kushonea na + ya kujumlishia, na kwa hilo moja PHP iliona mbali, hata kama si fasheni kuisifu siku hizi. Kuhama lugha hakukuokoi kama hujajua kile kitu kilichoko mkononi mwako ni cha aina gani.

Java ilitolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, James Gosling akiwa ndiye baba yake. Moja ya maamuzi yao ni kwamba wewe na mimi hatuwezi kuipa + maana yetu wenyewe, kinyume na C++ ambayo inaruhusu. Walitaka mtu akisoma msimbo wa mwingine asishangazwe na alama. Ni uamuzi mzuri. Lakini stringi waliipa + hata hivyo, kwa sababu ni tamu kuandika, nani anataka kuandika concat kila mahali. Matokeo yake ni kichekesho: BigDecimal, ile aina wanayotumia watu wa hesabu za pesa zenye senti, haina +. Lazima uandike bei.add(kodi). Yaani maandishi yamepewa alama ya kujumlisha, na pesa zimenyimwa. Mimi nadhani ingekuwa bora stringi zipate alama yake tofauti, lakini hiyo treni iliondoka zamani, na Java haiwezi kubadilisha + leo bila kuvunja msimbo wa nusu ya benki za dunia. Kwa hivyo kazi imebaki kwa anayefundisha.

Na anayefundisha si lazima awe na digrii. Ni wewe unayemwonyesha mdogo wako kwa kompyuta ya kuazima, ni yule anayejibu swali usiku akiwa na bando la saa moja. Mtu akikuletea 2050, usianze na mabano. Muulize, unadhani Java imeona nini hapa, kutoka kushoto? Mwache aandike hatua kwa hatua kwa karatasi, hapa ni maandishi, hapa ni namba, zimekutana zikawa nini. Inachukua dakika tano. Kama huna hizo dakika tano ni sawa, nyamaza tu, lakini usicheke. Kuna watu walifunga kompyuta siku hiyo ya vicheko wakaamua kwamba hii si kazi yao, na walikuwa wamekosea kitu ambacho kila aliyewahi kushika Java amekutana nacho.

Kwa wale mnaofundisha darasani, ombi moja. Siku ya pili, kabla ya jina na umri, andika ubaoni ile programu ya chapo madondo ikiwa na kosa lake. Usiseme kitu. Acha darasa zima lipige kelele kwamba mashine imeharibika, kisha waambie wathibitishe imeharibika wapi. Mtakaa hapo somo zima na hamtakuwa mmepoteza muda.

Na kama umesoma mpaka hapa, fungua kompyuta, au hata zile programu za simu zinazoendesha Java, lakini kabla ya kubonyeza chochote chukua kalamu ukisie hii itatoa nini:

System.out.println(1 + 2 + "3" + 4 + 5);

Si 15. Na si 12345.